Sava ya mtumba Dar es Salaam: anza na LUKU, sokoni utaenda baadaye

Sava yangu ya kwanza, yaani kompyuta ya kuhudumia kompyuta nyingine usiku na mchana, niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Dell PowerEdge R710, prosesa mbili, diski sita. Winga aliyenidaka Kariakoo aliapa: "Kaka, hii ya Dubai, haijaguswa, nakupa bei ya kutupa." Bei kweli ilikuwa ya kutupa. Nikaipakia kwenye kirikuu mpaka Tabata, nikaisukumia chini ya meza kwenye chumba nilichopanga, nikaiwasha, nikajiona mtu. Tulikuwa wapangaji wanne kwenye LUKU moja, mita ya umeme wa kulipia kabla, kila mmoja anachanga. Uniti zilizozoea kutufikisha mwisho wa mwezi zikaanza kuisha tarehe 18. Wiki ya tatu mama mwenye nyumba akabisha hodi, akasikiliza kidogo ule mngurumo, akaniuliza: "Mwanangu, humo ndani unafuga nini?"

Tangu siku ile nimefunga sava za mtumba kwenye ofisi ndogo, maduka na shule kadhaa hapa mjini, na sijawahi tena kuanza na bei ya dukani. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo: umeme kwanza, mahali pili, soko baadaye.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uniti

Chukua wati za sava ikiwa imetulia, zidisha kwa saa 24, kisha kwa siku 30, gawanya kwa 1,000. Hizo ndizo uniti za mwezi. Sava yenye prosesa mbili na diski chache, inayokula wati 120 tu bila kufanya kazi ya maana, inatafuna uniti 86.4 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti moja, na kodi zake, nimezoea kuinunua kwa Sh 356 na senti. Inakuja karibu Sh 30,800 kila mwezi, kabla hujawasha hata taa.

Ubaya haujaishia hapo. Ile bei ya chini ya Sh 122 kwa uniti ni ya wateja wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi. Sava yako peke yake inavuka. Ukiishi kwenye nyumba yenye bei hiyo, hujaongeza uniti 86 tu, umewahamisha wote waliomo humo kwenda bei ya juu. Jiko la umeme lingeweza kusamehewa, maana angalau linapika.

R710 yangu, nilipoipima baadaye kwa kile kimita cha kuchomeka ukutani kinachosoma wati, ilikuwa inakula 190. Uniti 136.8 kwa mwezi, kama Sh 48,700. Kwa mwaka ni zaidi ya Sh 580,000 kwa mashine niliyojisifu kuwa nimeipata bure. Kimita hicho kinunue kabla ya sava, hakina gharama kubwa.

Sasa linganisha. Kompyuta ndogo za ofisi za mtumba, zile za kukaa kiganjani kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini au Lenovo ThinkCentre Tiny, zikitulia hukaa kwenye wati 10 hadi 15. Hata ukihesabu 15 ni uniti 10.8 kwa mwezi, chini ya Sh 4,000. Kama unachotaka ni programu ya duka, mafaili ya ofisi ya watu watano, au kujifunza Linux, nunua hiyo, uiwekee Debian (aina ya Linux ya bure), ufunge na ukurasa huu.

Sava ya kweli inastahili pale unapohitaji rami nyingi, kuanzia GB 64 kwenda juu, au diski nyingi ndani ya boksi moja, au rami ya ECC inayosahihisha makosa yake yenyewe, au uwezo wa kuisimamia mashine ukiwa mbali hata ikiwa imezimwa. Iko na sababu nyingine ya hapa kwetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizokwama zaidi. Ofisi zenye kila kitu nje ya nchi zilikaa zikitazamana. Shule moja niliyoifungia sava ya ndani iliendelea kuingiza alama za wanafunzi kama kawaida, walimu wakilalamikia WhatsApp tu.

Hatua ya 2: Chagua kizazi

Kwa Dell, soma namba ya katikati. R710 ni kizazi cha 11, R720 cha 12, R730 cha 13, R740 cha 14. R ni ya raki, fremu ya chuma ya kupangia sava zilizolala, T ni ya kusimama kama mnara. Kwa HP, DL ni ya raki na ML ni mnara, na kizazi kimeandikwa waziwazi: G7, Gen8, Gen9, Gen10.

R710 na DL380 G7 usizichukue hata kwa zawadi. Prosesa zake hazina maelekezo yanayoitwa AVX, kwa hiyo hata hifadhidata ya MongoDB kuanzia toleo la 5 haikubali kuwaka juu yake. R720 na DL380p Gen8, za 2012, zinatumia rami ya DDR3 na bado zinafanya kazi, ila hazina AVX2, maelekezo yaliyofuata baada ya AVX, na mfumo wa Red Hat Enterprise Linux 10 hauzikubali.

Kwa mfuko wa Dar naona pa kusimama ni R730 au DL380 Gen9, za 2014: rami ya DDR4, prosesa za Xeon E5-2600 v3 na v4. Ukikuta v4 bora zaidi. Usivutwe na namba kubwa ya prosesa. E5-2680 v4 ina kori 14 (viini vya kufanyia kazi) na kiwango chake cha joto ni wati 120. E5-2650L v4 ina kori 14 vilevile lakini ni wati 65, ila inakwenda polepole zaidi. Kwa mji wenye joto hili mimi natafuta hiyo ya L.

Boksi lenye prosesa mbili unaweza kulitumia na moja, na umeme ukapungua. Kumbuka tu kwamba prosesa moja inafungua nusu ya nafasi za rami, na baadhi ya nafasi za kadi za nyuma zinakufa. Kifuniko cha plastiki cha sehemu iliyobaki wazi lazima kiwepo, la sivyo hewa inapita njia ya mkato na ile prosesa iliyobaki inachemka.

Kama sava itakaa chumba kimoja na watu, chukua mnara: T430, T630, ML350. Feni zake ni kubwa na zinazunguka taratibu. Za raki zenye unene wa sentimita 4.4 zina feni ndogo zinazopiga mluzi, hutaweza kuzungumza na simu karibu nazo.

Hatua ya 3: Andaa mahali kabla ya kuleta mzigo

Anza na waya wa ardhi, ambao mafundi wetu wanauita athi. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu, lakini tundu la tatu halijaunganishwa na kitu. Sava yenye pawa saplai mbili ikichomekwa hapo, bati lake linakuwasha ukiligusa, na kadi za mtandao zinaanza kufa moja moja bila sababu. Mwambie fundi umeme apime kwa multimita kati ya laini na athi. Inatakiwa isome karibu na volti 230. Isiposoma, achimbie rodi ya athi nje. Hii kazi usiibane bei.

Ekstensheni ya buku tano usiitumie kabisa. Chomeka ukutani au kwenye UPS (betri inayoshika kazi umeme ukikatika), kwa kebo nene yenye fyuzi.

Kuhusu joto, R730 imetengenezwa kuvuta hewa ya kati ya nyuzi 10 na 35. Januari na Februari hapa Dar chumba cha juu chenye bati bila dari kinavuka 35 saa nane mchana bila taabu. Kiyoyozi si lazima, lakini kinachohitajika ni hewa kuingia mbele na kutoka nyuma. Usiisukumie kabatini, usiigeuzie mgongo ukutani. Sava ya wati 150 inatoa joto la wati 150, ni kama watu wawili wamekaa humo usiku kucha.

Mbezi Beach, Masaki, Kigamboni, upande wowote unaosikia bahari, chumvi ya hewani inakula miguu ya vipuri. Funga dirisha la upande wa bahari. Mabondeni, Jangwani na Kigogo na kwingineko maji yanapofika, sava haikai sakafuni hata siku moja. Na ziba matundu ya nyuma yasiyo na kadi. Mijusi wanapenda joto, na mjusi aliyekaukia kwenye pawa saplai nimeshamtoa mara mbili.

Hatua ya 4: Sokoni

Nenda asubuhi, siku ya kazi, na begi lenye vitu hivi: flashi yenye Memtest86+ (programu ya kupima rami) na Debian ya kuwaka bila kusakinishwa, bisibisi, tochi, kebo mbili za umeme, na kebo ya VGA. Sava nyingi hazina HDMI. Muuzaji akisema skrini hana, mwambie utarudi ikiwepo.

Winga si adui. Anajua nani kashusha mzigo jana, na bila yeye utazunguka Kariakoo mpaka jua linazama. Mlipe chake, ila mazungumzo ya bei yafanye na mwenye duka, na mashine uione ikiwaka mwenyewe. "Ilikuwa inawaka asubuhi" si jibu.

Kabla haijawashwa, fungua kifuniko. Tazama skrubu na kingo za bati: kutu inakwambia ilikaa wapi. Tazama kama rami zote zinafanana vibandiko, maana aina mbili za rami za sava, RDIMM na LRDIMM, hazichanganyiki kwenye bodi moja. Kama wameitoa prosesa moja, mulika tochi kwenye soketi yake. Pini iliyolala ni bodi kuu iliyokufa nusu, na hapo ndipo watu wengi hupigwa: nafasi nne za rami hazisomi, mnunuzi anadhani rami ndiyo mbovu.

Iwashe sasa. Feni zote zitapiga kwa nguvu, mtaa mzima utageuka, kisha zitashuka. Zisiposhuka kuna kitu. Kuwaka kunachukua dakika kadhaa, usidhani imeganda. Kwa Dell, taa ya bluu mbele ni heri, ya rangi ya chungwa ni maswali. Kwenye Dell bonyeza F2, ingia kwenye mipangilio ya iDRAC, kile kijikompyuta cha ndani cha kuisimamia sava ukiwa mbali, soma kumbukumbu ya matukio. Humo ndani mashine inaeleza historia yake bila aibu: feni iliyokufa 2019, rami iliyosahihisha makosa mara mia, pawa saplai iliyopoteza umeme. Kama kumbukumbu imefutwa yote na tarehe ya kufutwa ni juzi, nami huwa nauliza kwa nini.

Chomoa pawa saplai moja ikiwa inawaka. Irudishe, chomoa ya pili. Lazima ibaki hai mara zote mbili.

Halafu andika ile alama ya Dell yenye herufi na tarakimu 7, inayoitwa Service Tag. Ukiiingiza kwenye tovuti ya Dell inakuonyesha sava ilitoka kiwandani na nini na lini. Nimewahi kuuziwa "ya 2018" iliyozaliwa 2013.

Dai risiti ya EFD. Si kwa ajili ya TRA tu. Vifaa vya ofisi huibwa, na siku ukiulizwa ulikoitoa, ile karatasi ndiyo itakayokuongelea.

Hatua ya 5: Diski ziache hapohapo dukani

Ninachomaanisha ni kwamba nunua boksi, prosesa na rami za mtumba kwa moyo mweupe, maana vitu hivyo havichakai haraka. Diski inachakaa kila saa inayozunguka. Mwenye duka akisema sava inakuja na diski nane, mwombe atoe diski apunguze bei, ila trei zake za plastiki na chuma zibaki. Trei zikikosekana utazitafuta mji mzima.

Angalia pia ukubwa wa nafasi za mbele: ni za inchi 2.5 au 3.5, na huwezi kubadilisha baadaye. Diski za SAS, aina ya kisava, haziingii kwenye kompyuta ya kawaida, ila za SATA, zile za kompyuta za kawaida, zinaingia kwenye sava yenye kadi ya SAS. Kwa hiyo SATA mpya ndizo ninazopendelea, mbili zinazoakisiana, yaani kila moja inabeba nakala ileile.

Ukilazimika kununua za mtumba, zipime. Washa Debian kutoka kwenye flashi, unganisha intaneti, sakinisha smartmontools, programu ya kupima afya ya diski, kisha:

smartctl -a /dev/sda

Kwa SATA tafuta Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Zote ziwe sifuri. Kwa SAS tafuta mstari wa grown defect list, nao uwe sifuri. Soma saa ilizowaka, gawanya kwa 8,760, upate miaka. Diski yenye saa 40,000 imefanya kazi miaka minne na nusu bila kulala. Mimi siichukui.

Mtego nilioingia mwenyewe: diski nane za SAS za TB 1.2, safi, saa chache, bei nzuri. Nilipozichomeka, sava iliziona lakini haikukubali kuandika chochote. Zilitoka kwenye kabati kubwa la kuhifadhia data, zimeumbizwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Dawa ipo, sg_format, ila kila diski inachukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati unaanza upya. Nilianza saa nne usiku na diski zote nane kwa pamoja, bila UPS. Saa saba umeme ukaondoka. Kwa hiyo sasa nikiwa dukani natazama ule mstari wa Logical block size kabla ya kutoa hata mia.

Jambo la mwisho la diski za watu: mara nyingi zina data za watu. Nimekuta mishahara ya kampuni nzima ya Ulaya. Usichungulie, zifute zote kwa shred au nwipe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na siku ukiuza sava yako wewe ndiye utakayeulizwa.

Hatua ya 6: Kuisafirisha na kuisafisha

Bodaboda hapana. R730 iliyojaa diski inakaribia kilo 30. Toa diski, zifunge moja moja kwenye nguo, zipande mbele na wewe. Boksi lilale chali kwenye kirikuu juu ya godoro au mifuko.

Ukifika, ipulize kwa blowa nje ya nyumba, ukizishika feni kwa kidole zisizunguke. Badilisha betri ndogo ya saa, CR2032. Ikifa, kila umeme ukikatika sava inaamka ikidhani ni miaka ya nyuma, na tovuti zote zinaikataa. Pesti ya kupozea prosesa badilisha kama imekauka kama chokaa.

Hatua ya 7: Isahaulishe ya zamani

Ingia F2, rudisha iDRAC kwenye hali ya kiwandani. Kwa vizazi mpaka cha 13, jina ni root na nenosiri ni calvin. Dunia nzima inalijua, libadilishe palepale. Kwa HP, nenosiri la iLO, ambayo ndiyo iDRAC ya upande wao, limeandikwa kwenye kibandiko cha kuvuta mbele. Kama kimepotea, kuna swichi ndogo kwenye bodi kuu ya kulipita. Tundu la mtandao la iDRAC au iLO lisionekane kamwe kutoka intaneti. Ni mlango wa nyuma wa nyumba nzima.

Ukiwa humohumo kwenye mipangilio, fanya mambo mawili. Kwanza, weka hali ya umeme ile ya utendaji kwa wati, usiweke ya nguvu kamili. Pili, tafuta AC Power Recovery: weka iwake yenyewe umeme ukirudi, lakini kwa kuchelewa, sekunde 120 au zaidi. Umeme wa mtaani ukirudi huwa unapepesa kwanza, unakuja, unaondoka, unakuja. Sava isiwe ya kwanza kuupokea.

Pawa saplai ya pili mimi naichomoa na kuihifadhi kama akiba. Wati chache zinaokolewa na sava inaendelea vizuri.

Mtandaoni utakuta amri za ipmitool za kupunguza kasi ya feni kwa mkono. Zinafanya kazi, na waliozitunga wanaishi kwenye baridi. Hapa Februari utaamka ukute mashine imejizima.

Usiku wa kwanza iache na Memtest86+ mpaka asubuhi. Kosa moja tu jekundu, tafuta rami inayohusika, itoe.

Hatua ya 8: UPS au inveta

UPS ndogo za madukani za VA 650 zinakupa dakika chache, na nyingi zinatoa wimbi la ngazi. Pawa saplai za sava hazilipendi. Nimeziona zikizima sekunde ileile UPS inapochukua kazi, yaani kinga yenyewe ndiyo inayoua. Tafuta ambayo boksi lake limeandikwa pure sine wave.

Kwa ofisi napendelea inveta na betri. Hesabu yake ni rahisi: betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200. Ya risasi itumie nusu tu ili idumu, 600. Toa zinazopotea kwenye inveta, gawanya kwa wati 130 za sava: karibu saa nne. Betri za lithiamu unaweza kutumia asilimia 80 na zaidi, na joto la hapa linazionea kidogo kuliko za risasi. Ile ya risasi umri wake unapungua kwa nusu kila joto likipanda nyuzi nane au kumi juu ya 25, basi usiiweke nyuma ya sava inapopuliza.

Kama inveta ina hali mbili, ya vifaa vya nyumbani na ya UPS, chagua ya UPS. Inabadilisha upesi zaidi.

Hatua ya 9: Sakinisha

Mimi natumia Proxmox VE, kwa sababu ni ya bure, inasimama juu ya Debian, na inakuruhusu kugawa sava moja kuwa mashine nyingi zinazosimamiwa kwa kivinjari. Andika faili lake kwenye flashi, washa sava kutoka humo, chagua ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski) ya kuakisi diski mbili, weka saa za Africa/Dar_es_Salaam, mpe anwani isiyobadilika. Baada ya hapo ukurasa wake uko kwenye anwani ya sava, mlango 8006.

ZFS inataka kuziona diski zenyewe, bila kadi ya RAID, ile ya kuunganisha diski ziwe kama moja, kukaa katikati. Kadi ya PERC H730 ina hali ya HBA ya kupitisha diski moja kwa moja, iwashe. H710 ya R720 haina; hapo tumia RAID ya kadi na ext4, mfumo wa kawaida wa mafaili wa Linux, mambo yaishe.

Sakinisha na NUT, programu inayozungumza na UPS kwa kebo ya USB. Iagize izime sava kwa ustaarabu betri ikibaki kidogo. Inveta nyingi za kawaida hazina kebo hiyo. Kwa hizo nimeandika hati fupi (programu ndogo) inayoipigia pingi, yaani kuiuliza kama iko hai, ruta iliyochomekwa umeme wa ukutani peke yake. Ruta ikinyamaza dakika 90, sava inajizima.

Hatua ya 10: Kuifikia kutoka nje

Laini nyingi za nyumbani na za simu zinakuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, kwa hiyo hata ukifungua mlango kwenye ruta hakuna anayekufikia. Lipia anwani maalumu kwa mtoa huduma wako, au tumia WireGuard, njia ya siri ndani ya intaneti, kupitia sava ndogo ya kukodi, au Tailscale inayokutengenezea njia hiyo yenyewe. Kwa watu wawili watatu Tailscale inatosha kabisa.

SSH, njia ya kuingia kwenye sava ukiwa mbali, iwe kwa funguo, si nenosiri. Nakala za data ziwe zaidi ya moja, na moja ilale nyumba nyingine. Diski mbili zinazoakisiana hazikukingi na mwizi aliyebeba boksi lote.

Jaribio la mwisho nalifanya Jumamosi jioni, ofisi ikiwa tupu. Nashusha swichi kuu bila kumwambia mtu, naketi na saa. Naandika dakika sava ilizodumu, kama ilijizima yenyewe au ilianguka. Narudisha umeme, naupepesa mara mbili kwa makusudi, nahesabu mpaka mashine zote za ndani zimeamka na hifadhidata inajibu. Namba hizo naziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, pamoja na Service Tag, tarehe ya betri na wati nilizopima, naibandika juu ya boksi. Kwa ofisi ya mwisho niliyofunga imeandikwa: wati 104, saa 3 na dakika 10, kuamka dakika 9.